Kujaza upya risasi: Mbona bunduki ya kujipakia haisamehe makosa

KATIKA nyumba nyingi za wapiga shabaha nchini Marekani, kuna meza iliyotengwa kwenye gereji au katika chumba cha chini ya nyumba, ambayo watoto hukatazwa kuikaribia. Juu yake pamefungwa mashine yenye mkono mrefu wa chuma. Kando yake kuna mizani ndogo ya kupimia baruti, na mikebe iliyojaa maganda ya risasi zilizokwisha kufyatuliwa. Hapo ndipo mwenye nyumba huketi jioni akiyashughulikia maganda hayo ili yatumike tena.

Kwa msomaji wa Kenya, huenda jambo hili likaonekana kuwa la ajabu. Hapa kwetu risasi huonekana mikononi mwa askari, na raia anayepatikana nazo bila idhini hujikuta mahakamani. Lakini nchini Marekani ni halali mtu kujijazia risasi za matumizi yake mwenyewe, na kazi hiyo ina vitabu vyake, zana zake na mafundi wake. Baadhi huifanya ili kupunguza gharama. Wengine huifanya ili kupata risasi inayolenga vizuri kuliko ile ya dukani, na wengine kwa sababu bunduki zao ni za zamani mno hivi kwamba risasi zake hazipatikani kwa urahisi. Katika miaka ya 2020 na 2021, risasi zilipoadimika madukani nchini humo, hata vifaa vya kujazia vilinunuliwa vyote rafuni.

Hebu tumchukue mtu mwenye bunduki mbili zinazotumia risasi ya kaliba moja, .30-06, ambayo jeshi la Marekani liliianzisha mwaka wa 1906. Ya kwanza ni ya komeo, yaani ile ambayo mpigaji huvuta komeo kwa mkono kila anapotaka kuingiza risasi nyingine. Ya pili ni M1 Garand, bunduki inayojipakia yenyewe kila mara kifyatulio kinapovutwa. Mtu huyo amejaza risasi zilizotumika kwa miaka mingi katika bunduki ya kwanza bila tatizo lolote. Je, anaweza kuzichukua zizo hizo na kuzitia katika ile ya pili?

Jibu la mafundi ni kwamba asithubutu kabla ya kufahamu tofauti iliyopo. Risasi iliyo salama katika bunduki ya komeo inaweza kuivunja bunduki ya kujipakia, au hata kumlipukia mpigaji usoni. Ili kuelewa sababu, ni lazima kwanza tuifungue risasi yenyewe tuone kilichomo ndani.

Sehemu nne za risasi

Risasi kamili ya bunduki ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda, ambalo kwa kawaida hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki. Ya pili ni fataki, kikombe kidogo chenye kemikali inayolipuka inapogongwa, kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Ya tatu ni baruti iliyomo ndani ya ganda. Ya nne ni kichwa, ambacho ndicho kinachotoka mtutuni na kuruka hadi kwenye shabaha.

Kifyatulio kinapovutwa, pini hugonga fataki, fataki hutoa mwali, na mwali huwasha baruti. Baruti hiyo hailipuki kwa mpigo mmoja kama bomu, bali huungua kwa kasi kubwa na kugeuka gesi. Gesi ndiyo inayosukuma kichwa. Katika risasi ya .30-06, kikomo kilichowekwa na viwanda vya Marekani ni shinikizo la pauni 60,000 kwa kila inchi mraba. Ukilinganisha na gurudumu la gari dogo, ambalo hujazwa upepo wa takriban pauni 30, hilo ni shinikizo mara 2,000 zaidi, nalo hutokea sentimita chache tu kutoka jichoni mwa mpigaji.

Baada ya mlio, fataki imekufa, baruti imeisha na kichwa kimekwenda zake. Kinachobaki ni ganda, na ganda ndilo sehemu yenye gharama kubwa zaidi. Kwa hivyo kujaza upya risasi maana yake ni kulitumia ganda tena kwa kulitia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya.

Si kila ganda hufaa. Maganda ya chuma cha pua au alumini hutupwa, kwa kuwa hayavumilii kunyooshwa na kubanwa mara kwa mara jinsi shaba inavyovumilia. Hata baadhi ya maganda ya shaba humkatisha mjazaji tamaa. Ipo mitindo miwili ya fataki. Mmoja ulibuniwa na Mwingereza Edward Boxer na mwingine na Mmarekani Hiram Berdan, wote wakiwa ni watu wa karne ya 19. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, hivyo fataki kuukuu husukumwa nje kwa sindano. Lile la Berdan lina matundu mawili madogo pembeni, na kuitoa fataki yake ni kazi ngumu. Ajabu ni kwamba Wamarekani waliupenda mtindo wa Mwingereza, na nchi nyingi za Ulaya zikauchukua ule wa Mmarekani.

Kazi ya mezani

Ganda linapofyatuliwa huvimba. Shinikizo hulisukuma hadi likagusa kuta za chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Baadaye husinyaa kidogo, lakini haliwi tena na umbo lililotoka nalo kiwandani.

Kwa sababu hiyo, mjazaji huanza kwa kulisafisha na kulikagua ganda moja moja. Kisha hulipaka mafuta na kulisukuma kwa mashine ndani ya kalibu ya chuma, ambayo hulibana likarudia ukubwa wake. Sindano iliyo ndani ya kalibu husukuma nje fataki iliyokufa. Hupima urefu wa ganda na kulikata likiwa limerefuka, kwa maana shaba hutambaa kuelekea shingoni kila risasi inapopigwa. Baada ya hayo hupachika fataki mpya, humimina baruti iliyopimwa kwenye mizani, na mwishowe hukalisha kichwa shingoni mwa ganda.

Ukitazama kwa mbali, hatua hizi ni zile zile kwa bunduki zote. Tofauti imo katika namna kila hatua inavyotekelezwa, na chanzo chake ni jinsi bunduki hizo mbili zinavyofanya kazi.

Bunduki mbili, tabia mbili

Bunduki ya komeo si ngeni katika historia yetu. Wanajeshi wa King's African Rifles waliopelekwa Burma wakati wa Vita Vikuu vya Pili walikuwa na Lee-Enfield ya kaliba .303, bunduki ya Kiingereza yenye magazini ya risasi 10. Askari alipomaliza kupiga risasi moja, aliinua mkono wa komeo, akalivuta nyuma ili ganda litoke, akalisukuma mbele ili risasi nyingine iingie, kisha akauteremsha mkono ili kulifunga.

Katika mpango huo, nguvu zote za kufungua na kufunga zinatoka kwa binadamu. Komeo likishafungwa, hakuna kinachosogea hadi mtu aamue. Gesi yote hufanya kazi moja tu, nayo ni kusukuma kichwa.

M1 Garand ni kinyume chake. Iliundwa na John Garand katika karakana ya serikali ya Springfield, ikapokelewa na jeshi la Marekani mwaka wa 1936, na zaidi ya milioni 5 zikatengenezwa. Karibu na mdomo wa mtutu wake kuna tundu dogo. Kichwa cha risasi kinapolipita tundu hilo, sehemu ndogo ya gesi huchepuka na kusukuma fimbo ndefu ya chuma iliyo chini ya mtutu. Fimbo hiyo hurudi nyuma kwa kishindo, hulizungusha komeo na kulifungua, na ganda hutupwa nje. Kisha springi hulirudisha komeo mbele, nalo likiwa njiani hukokota risasi nyingine na kuibamiza chembani. Yote haya hukamilika kabla mpigaji hajapepesa jicho.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mpigaji wa bunduki ya komeo huhisi kwa kiganja chake. Risasi ikiwa nene kupita kiasi, mkono hukataa kuteremka. Shinikizo likiwa kubwa mno, mkono hukataa kuinuka. Bunduki ya kujipakia haina kiganja cha kuhisi. Itaibamiza risasi mbovu kwa nguvu ile ile inayoibamizia nzima, na itaendelea hivyo hadi ikwame au ivunjike.

Ganda: Kubana kidogo au kubana lote

Mmiliki wa bunduki ya komeo ana uhuru mkubwa. Ganda lililofyatuliwa katika bunduki yake limekwisha kuchukua umbo la chemba ile ile. Akitaka, anaweza kubana shingo peke yake, ili ishike kichwa kipya, na kuliacha tumbo la ganda na mabega yake jinsi yalivyo. Likirudi chembani hukaa kama kisu katika ala yake. Likikaza kidogo, mkono wa komeo una nguvu ya kulisukuma kwa kuzunguka kwake.

Lee-Enfield yenyewe ni mfano mzuri. Ganda la .303 lina ukingo mpana kwenye kitako, na ukingo huo ndio unaozuia risasi isizame mbele kupita kiasi. Kwa kuwa mabega hayakupewa kazi hiyo, chemba nyingi za bunduki hizi za vita zilitobolewa kwa upana wa kutosha ili risasi yenye vumbi au tope iingie bila taabu. Matokeo yake ni kwamba ganda jipya likipigwa mara moja tu, mabega yake husogea mbele sana. Mjazaji akilirudisha kila mara katika ukubwa wa kiwandani, shaba huvutwa mbele, hurudishwa nyuma, huvutwa tena, mpaka ikatike karibu na kitako. Kwa hivyo wenye bunduki hizi hushauriwa kuzibana shingo tu, wakalitunza umbo ambalo bunduki imelipa ganda.

Mtu akiuhamisha ushauri huo kwenye Garand, amejitafutia balaa. Kinachosukuma risasi chembani ni springi, na springi haina uwezo wa kuzunguka na kukaza jinsi mkono ufanyavyo. Ganda lisipobanwa lote, kuanzia shingo hadi karibu na kitako, komeo laweza kukwama kabla ya kujifunga. Kwa hivyo sharti la kwanza la bunduki ya kujipakia ni kubana ganda lote.

Hata hivyo, kubana kupita kiasi nako kuna hatari yake, kwa kuwa ganda hubaki na nafasi ya kunyooka chembani na shaba hukonda. Mafundi hutumia kipimio kuangalia mabega yamerudi nyuma kiasi gani. Kwa bunduki ya komeo, wengi huridhika na elfu 1 au 2 za inchi. Kwa ile ya kujipakia hulenga elfu 3 au 4. Tofauti hiyo ni nyembamba kama unywele wa binadamu, lakini ndiyo inayoamua kama bunduki itafunga au haitafunga.

Fataki: Mlio usioitwa

Hatari kubwa zaidi inahusu fataki. Katika bunduki nyingi za komeo, pini ya kugonga hushikiliwa nyuma mpaka kifyatulio kivutwe. Katika Garand, na pia katika jamii ya AR-15, pini haina springi ya kuirudisha, bali huelea. Komeo linapokwenda mbele kwa kasi na kusimama ghafla, pini huendelea mbele kwa mwendo wake na kuigusa fataki kidogo. Anayetoa risasi iliyoingizwa chembani bila kupigwa, mara nyingi huona kidoa kidogo kwenye fataki yake.

Kwa kawaida mguso huo hauna madhara. Lakini fataki ikiwa laini mno, au ikiwa imechomoza juu ya kitako cha ganda badala ya kuzama ndani yake, mguso unaweza kutosha kuiwasha. Bunduki hulia bila kidole kugusa kifyatulio. Mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama, mpigaji hushtuka tu. Jambo likitokea kabla komeo halijajifunga, kwa sababu ganda lilikuwa nene au refu, gesi yenye shinikizo tulilolitaja haina wa kuizuia. Hupasua ganda na kutokea nyuma, penye uso wa mtu.

Ndiyo maana kanuni za kujazia bunduki ya kujipakia zinasisitiza mambo matatu. Kwanza, kitundu cha fataki kisafishwe, na kama ni ganda la kijeshi, ule ukingo uliobanwa kiwandani ili kuishika fataki uondolewe kwanza. Pili, kila fataki ikaguliwe kwa kidole ili ithibitike kuwa imezama. Tatu, itumike fataki yenye kikombe kigumu, ya aina inayokusudiwa kwa bunduki za kijeshi. Tena, mpigaji anashauriwa asitumbukize risasi chembani kwa mkono kisha akaliachia komeo lijibamize. Risasi ikipitia mahali pake, komeo hupunguzwa kasi kidogo na kazi ya kuikokota.

Baruti: Funzo kutoka Vietnam

Mwenye bunduki ya komeo huchagua baruti kwa kutazama mambo mawili, yaani shinikizo lisizidi kikomo na risasi ilenge vizuri. Baruti inayoungua polepole au upesi, yote ni mamoja kwake maadamu vipimo vya kitabu vimefuatwa.

Kwa Garand kuna jambo la tatu, nalo ni shinikizo linalofika kwenye lile tundu karibu na mdomo wa mtutu. Baruti ya polepole pamoja na kichwa kizito inaweza kutoa shinikizo la kawaida chembani, lakini gesi ikawa bado na nguvu nyingi inapofika mbele. Fimbo ya chuma husukumwa kwa nguvu isiyoundiwa, hujipinda, na bunduki huharibika. Baruti ya haraka sana nayo, au kipimo kidogo mno, huweza kuifanya fimbo isirudi nyuma vya kutosha, na ganda likakwama nusu njia. Ndiyo sababu baadhi ya vitabu vya kujazia vina ukurasa wa Garand peke yake, mbali na ule wa .30-06 ya komeo.

Iwapo kuna anayedhani kwamba haya ni mambo ya wanaopitisha wakati gerejini, historia ya bunduki ya M16 inamkosoa. Bunduki hiyo, iliyotokana na kazi ya mhandisi Eugene Stoner, ilifanyiwa majaribio kwa risasi zenye baruti ya aina moja. Baadaye, katika miaka ya 1960, jeshi la Marekani likakubali risasi zenye baruti ya aina nyingine, ya punje za mviringo. Kasi ya kichwa kilipotoka mtutuni ilikuwa ile iliyotakiwa. Lakini gesi iliyofika kwenye tundu ilikuwa na nguvu zaidi, bunduki ikaanza kuzunguka kwa kasi kupita ilivyokusudiwa, na masizi yakaongezeka.

Isitoshe, chemba za bunduki za mwanzo hazikuwa zimepakwa kromi ili zisishike kutu, na wanajeshi wengi hawakuwa wamepewa vifaa vya kusafishia. Huko Vietnam maganda yakaanza kung'ang'ania chembani. Askari alilazimika kuingiza ufito mtutuni katikati ya mapigano ili kulisukuma ganda nje, na wako waliouawa bunduki zao zikiwa zimekwama. Malalamiko yalifika katika bunge la Marekani, na kamati iliyoongozwa na mbunge Richard Ichord ikalichunguza suala hilo mwaka wa 1967. Mabadiliko ya baruti yalikuwa miongoni mwa mambo iliyoyalaumu.

Risasi zile zilitoka viwandani, zikiwa na wakaguzi na mikataba. Ikiwa kubadilisha baruti tu kuliweza kuleta maafa kama hayo, basi mtu aliye peke yake mezani ana sababu kubwa zaidi ya kujihadhari.

Kichwa: Urefu na kushikwa

Katika bunduki ya komeo, wapenda shabaha hukalisha kichwa mbele zaidi ili kikaribie mifuo ya mtutu, kwani hilo huweza kuboresha ulengaji. Risasi ikirefuka kupita magazini, mpigaji huiingiza moja moja kwa mkono na mchezo ukaendelea.

Bunduki ya kujipakia haina nafasi hiyo. Risasi lazima ikae ndani ya magazini, itoke bila kukwaruza na iingie chembani kwa pembe inayofaa. Vilevile, kichwa lazima kishikwe barabara, maana risasi husukumwa, hugongwa na kusimamishwa ghafla. Kichwa kikilegea na kuzama ndani ya ganda, nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda. Kwa hiyo baadhi ya wajazaji huibana shingo ya ganda kidogo juu ya kichwa. Wengine hutegemea mkazo wa shingo pekee, ila baada ya kuujaribu.

Ganda nalo huzeeka

Hatimaye kuna suala la umri wa ganda. Katika bunduki ya komeo, ganda hutolewa taratibu baada ya shinikizo kuisha kabisa, na mpigaji hulipokea mkononi likiwa safi. Likibanwa shingo tu na kujazwa kwa kiasi, laweza kutumika mara 10 au zaidi.

Katika bunduki ya kujipakia, kulabu hulivuta ganda kwa nguvu wakati bado limebana kuta za chemba. Hunyooka, ukingo wake huumia, na hutupwa mbali ambako huanguka juu ya mawe au saruji na kubonyea mdomo. Kwa vile pia hubanwa lote kila mara, shaba yake huchoka mapema. Wamiliki wengi wa Garand huyatupa maganda yao baada ya kuyajaza mara 4 au 5, hata kama kwa macho yanaonekana mazima.

Ishara ya hatari ni mstari unaong'aa ukilizunguka ganda juu kidogo ya kitako. Mkongwe wa kazi hii huchukua waya mwembamba uliokunjwa ncha, akaupitisha ndani ya ganda na kupapasa. Ncha ikinasa kwenye mfereji, ukuta umekwisha kukonda, na ganda hilo hupondwa ili lisichanganyike na mengine. Likipigwa tena huenda likakatika vipande viwili. Katika bunduki ya komeo, mpigaji atakuta nusu ya ganda imebaki ndani, akasimama. Katika ile ya kujipakia, risasi inayofuata itabamizwa juu ya kipande hicho kabla hajajua lililotokea.

Hali ni hiyo hiyo kwa risasi iliyosahauliwa baruti. Fataki peke yake yaweza kusukuma kichwa kikakwama mtutuni. Aliyezoea kupiga mfululizo akidhani ni hitilafu ndogo, akavuta komeo na kupiga tena, mtutu wake hupasuka. Mlio hafifu kuliko kawaida ni amri ya kusimama, kuondoa risasi zote na kuchungulia mtutu ukiwa mtupu na wazi.

Haya yanatuhusu vipi?

Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kumiliki bunduki au risasi bila cheti, wala kutengeneza risasi bila idhini. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na serikali ina kiwanda chake cha risasi mjini Eldoret. Kwa hivyo makala haya si mwaliko kwa yeyote kuanza kukusanya maganda. Anayeyaokota yakiwa na risasi nzima ndani yake anapaswa kuziacha hapo zilipo na kuarifu polisi.

Hata hivyo, wako Wakenya wanaoishi Marekani ambako kazi hii ni ya kawaida, na huenda mmoja akaalikwa na jirani au mfanyakazi mwenzake kwenye uwanja wa shabaha. Akipewa risasi zilizojazwa nyumbani, ana haki ya kuuliza zilijazwa na nani, kwa bunduki gani na kwa kufuata kitabu kipi. Mjazaji makini huwa na daftari lenye tarehe na vipimo, na hakasiriki anapoulizwa. Wajazaji wenyewe wana desturi ya kutopiga risasi iliyojazwa na mtu wasiyemfahamu.

Asisahau pia kunawa mikono kabla ya kula. Vichwa vingi vina madini ya risasi, na fataki nyingi zina kemikali zenye madini hayo hayo. Vumbi lake huingia mwilini kidogo kidogo na huwadhuru zaidi watoto, na hiyo ni sababu nyingine ya ile meza kutengwa.

Ukiyajumlisha yote, hakuna bunduki iliyo bora kuliko nyingine katika suala hili. Bunduki ya komeo humpa mjazaji nafasi ya kujaribu na humwonya kupitia kiganja chake. Ile ya kujipakia humwondolea kazi ya mkono, lakini pamoja nayo humwondolea onyo. Ukaguzi ambao mkono ungeufanya uwanjani sharti ufanywe mezani, ganda kwa ganda, kabla ya risasi hata moja kuingia katika magazini.